Beji, Kanga na Kura ya Mwanamke wa Singida

Umeenea nchini Tanzania, miongoni mwa wasomi wa siasa na wananchi wa kawaida kwa pamoja, mtazamo unaovihesabu vifaa vya kampeni za uchaguzi, yaani beji za kubandika kifuani, kofia, fulana, kanga, vitenge na kadi za chama, kuwa takataka za msimu ambazo thamani yake huisha siku matokeo yanapotangazwa. Wapo wanaosema kwamba vifaa hivyo ni hongo iliyotiwa rangi, wapo wanaosema kwamba kuvikusanya ni mchezo wa Wazungu wenye muda na fedha za kupoteza, na wapo, ambao hoja yao ndiyo nzito kuliko zote, wanaosema kwamba mwanamke wa Tanganyika hakuwahi kuipigania kura, kwamba aliipokea pamoja na uhuru kama mtu apokeavyo zawadi, na kwamba kwa sababu hiyo hakuna beji wala kitambaa cha harakati zake kinachostahili kutafutwa. Makala haya yanaupinga mtazamo huo kwa sura zake zote, na yanadai kwamba katika mkoa kama Singida, ambako historia ya siasa ya wanawake imeandikwa kwa uchache mno, kitambaa kilichokunjwa ndani ya sanduku la bati ni waraka wenye haki sawa na faili la serikali, na pengine ni waraka pekee uliobaki.

Beji ya kampeni, kwa umbo lake linalojulikana zaidi duniani, ni kipande cha bati la duara kilichofunikwa kwa karatasi yenye picha au maneno, juu ya karatasi hiyo pakawekwa tabaka jembamba na angavu la seluloidi, ambayo ni mojawapo ya plastiki za mwanzo kutengenezwa viwandani, na nyuma yake pakapachikwa waya wenye ncha unaochomekwa kwenye nguo. Ilianza kutumika kwa wingi katika uchaguzi wa rais wa Marekani wa mwaka 1896, William McKinley aliposhindana na William Jennings Bryan, baada ya kampuni ya Whitehead & Hoag ya mji wa Newark kupata haki ya kisheria ya kuitengeneza. Bei yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba chama kiliweza kuigawa bure kwa maelfu, na wanawake waliokuwa wakidai kura nchini humo na Uingereza waliikumbatia upesi, kwa sababu ilimpa mtu asiye na kura njia ya kutamka msimamo wake barabarani bila kuomba ruhusa ya mhariri wa gazeti wala ya mume. Chama cha wanawake wa Uingereza waliodai kura, WSPU, kilichoanzishwa Manchester mwaka 1903 na Emmeline Pankhurst pamoja na wenzake, kilijichagulia mwaka 1908 rangi tatu, zambarau, nyeupe na kijani, na kuanzia hapo mwanamke aliyezivaa alisomeka kutoka ng'ambo ya pili ya barabara. Binti wa Emmeline, Sylvia, aliyekuwa mchoraji, alisanifu pambo la kifuani walilopewa wanawake waliofungwa katika gereza la Holloway kwa ajili ya harakati hizo. Inafaa Waafrika Mashariki wakumbuke kwamba Sylvia huyo alihamia Ethiopia mwaka 1956, akafariki Addis Ababa mwaka 1960 na kuzikwa huko huko, mwaka uleule ambao Tanganyika ilifanya uchaguzi wake wa mwisho kabla ya uhuru.

Wanaosema kwamba kukusanya beji ni starehe ya matajiri hawajauliza ni nani aliyeanza kuzikusanya. Mkusanyiko mkubwa wa vifaa vya wanawake hao uliopo katika makumbusho ya jiji la London haukuanzishwa na bwenyenye aliyekuwa akitafuta pambo la sebuleni. Ulianzishwa na wanaharakati wenyewe, wengi wao waliopita gerezani, ambao mwaka 1926 waliunda umoja uitwao Suffragette Fellowship kwa nia ya kuhifadhi walichokuwa nacho kabla hakijapotea. Wakati huo wanawake wa Uingereza walio chini ya miaka 30 walikuwa bado hawana kura, kwa kuwa sheria ya mwaka 1918 iliwaruhusu waliotimiza umri huo tu, tena kwa masharti, na usawa na wanaume haukuja hadi mwaka 1928. Kwa maneno mengine, ukusanyaji ulianza harakati zikiwa hazijaisha, na ulianzwa na walewale waliozivaa beji hizo. Huo ndio mfano ambao Singida inapaswa kuutazama, wala si mfano wa mnada ambapo beji moja ya zamani huuzwa kwa bei ya ng'ombe kadhaa.

Hoja ya kwamba kura ilimjia mwanamke wa Tanganyika bila jasho inajibika kwa kuangalia masharti ya uchaguzi wa kwanza wenyewe, ule uliofanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959. Ili kuandikishwa kuwa mpigakura ilimlazimu mtu awe ametimiza miaka 21 na, pamoja na sharti la ukaazi, awe amesoma hadi darasa la nane, au awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, ambazo zilikuwa sawa na shilingi 3,000 za wakati huo, au awe anashika cheo kinachotambuliwa na serikali, kama vile uchifu au ujumbe wa baraza. Katika nchi yenye watu wanaokaribia milioni tisa, walioandikishwa hawakufika 60,000. Masharti hayo hayakumtaja mwanamke hata mara moja, na hapo ndipo ulipo ujanja wake, kwa kuwa yaliweza kumfungia mlango bila kumtaja. Mwanamke wa Singida, wa Kinyaturu au wa Kinyiramba, aliyelima uwele na mtama, akakamua ng'ombe na kusaga unga kwa jiwe, alizalisha chakula cha kaya nzima, lakini jasho lake halikuandikwa katika daftari lolote kwa pauni; shule za wasichana za kufika darasa la nane zilihesabika kwa vidole; na vyeo vilivyotambuliwa vilikuwa, kwa sehemu kubwa sana, vya wanaume. Kwa hiyo uchaguzi huo ambao uliwaingiza wanawake kama Sophia Mustafa na Lady Marion Chesham katika Baraza la Kutunga Sheria, kwa viti vilivyotengwa kwa Waasia na Wazungu, ulimwacha mwanamke Mwafrika wa kijijini nje ya chumba cha kura, ilhali ni yeye aliyekuwa akijaza viwanja vya mikutano.

Mwaka 1960 masharti yalilegezwa, akatosha anayejua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, au mwenye kipato cha pauni 75, na idadi ya walioandikishwa ikapanda hadi karibu laki tisa. Hata hivyo, kati ya viti 71 vya kuchaguliwa, 58 vilikwenda kwa wagombea waliopita bila kupingwa, kwa hiyo sehemu kubwa ya walioandikishwa, wanaume kwa wanawake, hawakushika karatasi ya kura katika uchaguzi huo. Haki ya kila mtu mzima kupiga kura ilitumika kwanza kwa upana wake katika uchaguzi wa rais wa Novemba 1962, Julius Nyerere aliposhindana na Zuberi Mtemvu. Kati ya mkutano wa Tabora wa Januari 1958 wa TANU, chama kilichoongoza madai ya uhuru, ulioamua chama kishiriki uchaguzi huo wa masharti magumu, na kura ya mwaka 1962, imepita safari ya karibu miaka mitano ambayo wanawake waliitembea wakiwa na kadi ya chama lakini hawana kadi ya kura. Kuiita safari hiyo zawadi ni kulifuta jina la mtu kwenye kazi aliyoifanya.

Kazi hiyo ilikuwa na mavazi yake. TANU ilipoundwa Julai 1954 haikuwa na wanawake wengi, na ni katika mwaka 1955 ambapo tawi la wanawake liliundwa Dar es Salaam chini ya Bibi Titi Mohamed, ambaye kabla ya siasa alikuwa mwimbaji wa kikundi cha lelemama kiitwacho Bomba. Lelemama ni ngoma ya wanawake ya pwani, na vikundi vyake vilikuwa na viongozi, michango, nidhamu na sare, neno ambalo kwa maana hii ni vitambaa vya aina moja vinavyonunuliwa na wanakikundi wote ili waonekane mwili mmoja. Mwanahistoria Susan Geiger, aliyewahoji wanawake hao miaka ya 1980 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1997, alionyesha kwamba maelfu ya wanawake waliingia TANU ndani ya miezi michache kupitia mitandao hiyo hiyo ya ngoma. Hili lina uzito usio wa kawaida kwa hoja iliyopo hapa, kwa sababu linageuza mpangilio unaodhaniwa na wengi: chama hakikumvisha mwanamke kanga ili awe mwanasiasa, bali mwanamke alikuja na desturi ya sare aliyokuwa nayo tayari, akaigeuza kuwa lugha ya chama, tena kwa fedha iliyotoka kwenye pindo la kanga yake mwenyewe. Anayetafuta beji ya bati na seluloidi ya mwanamke wa Tanganyika wa mwaka 1957, akaikosa, kisha akahitimisha kwamba hapakuwa na harakati, ametafuta kitu kisicho cha mahali hapo. Beji ya mwanamke huyo ilikuwa na urefu wa mita moja na nusu, na aliivaa kiunoni.

Kutokusoma herufi hakukumzuia mtu kuisoma siasa. Katika uchaguzi wa mwaka 1965, wa kwanza chini ya chama kimoja, wagombea wawili wa TANU katika jimbo walipewa alama mbili, jembe na nyumba, ili mpigakura asiyejua kusoma aweze kuchagua kwa kutazama, na alama hizo ziliendelea kutumika chaguzi kadhaa baadaye. Serikali yenyewe, kwa hiyo, ilikiri kwamba picha ni hoja. Kanga nayo hubeba vyote viwili, picha kwenye mji, ambao ni eneo la katikati lililozungukwa na pindo, na maneno yanayoitwa jina la kanga, yaliyopigwa chapa juu kidogo ya pindo la chini, ambayo jirani anayejua kusoma huwasomea wengine mara moja na kila aliyesikia akayabeba kichwani. Msomi anayezipa uzito hotuba zilizochapwa na kudharau kitambaa anaandika historia ya waliokuwa na herufi peke yao, na katika Singida ya miaka ya 1960 wengi wa hao hawakuwa wanawake.

Yapo pia maisha ya Bibi Titi yenyewe kama ushahidi wa jambo ambalo watetezi wa nyaraka za serikali hulisahau. Mwanamke aliyekuwa mwenyekiti wa kwanza wa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, ulioundwa mwaka 1962, alikamatwa mwaka 1969 kwa tuhuma za uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1971, akaachiwa kwa msamaha mwaka 1972, na kwa miaka mingi jina lake halikutajwa katika masimulizi rasmi ya uhuru, ingawa leo ni jina la barabara kubwa ya Dar es Salaam. Kumbukumbu ya dola hufuata upepo wa dola. Kitu kilichofungiwa katika sanduku la bibi mmoja kijijini hakipokei maelekezo ya kufutwa, na ndiyo maana mkusanyiko uliotawanyika katika kaya nyingi, kila mmoja na sanduku lake, ni ulinzi bora kuliko stoo moja yenye ufunguo mmoja.

Singida ina sababu yake ya pekee ya kulijali hili. Mkoa huu unamkumbuka Liti, mwanamke wa Kinyaturu ambaye masimulizi ya wazee yanasema aliwakabili Wajerumani kwa nyuki mwanzoni mwa karne ya 20, na uwanja wa mpira wa mjini Singida uliojulikana zamani kama Namfua sasa unaitwa kwa jina lake. Jina kwenye uwanja ni heshima, lakini mtoto akiuliza Liti alivaa nini, alishika nini, aliwaitaje watu wake, anajibiwa kwa masimulizi yanayotofautiana kutoka mlango hadi mlango. Karne moja baadaye, mwaka 2015, mwanamke mwingine mzaliwa wa Singida, Anna Mghwira, aligombea urais wa Jamhuri ya Muungano kwa tiketi ya ACT-Wazalendo akiwa mwanamke pekee kati ya wagombea wote, akashika nafasi ya tatu kwa kura zisizofika laki moja, nyuma ya John Magufuli na Edward Lowassa. Rangi ya chama chake ilikuwa zambarau, mojawapo ya zile tatu zilizovaliwa London mwaka 1908, na ulingano huo, hata kama haukupangwa na mtu, unatosha kumfanya mwanafunzi wa historia asimame na kutafakari. Mghwira alifariki Julai 2021. Kofia, fulana na vipeperushi vya zambarau vya kampeni yake ni vya juzi tu, mikono iliyovipokea bado ipo, na kama havitakusanywa sasa, mwana wa Singida wa mwaka 2115 atabaki na masimulizi ya Mghwira kama wa leo alivyobaki na masimulizi ya Liti.

Inabaki hoja ya hongo, ambayo haiwezi kupuuzwa kwa kuwa ina ukweli ndani yake. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa kuruhusu takrima, yaani ukarimu wa jadi ambao mgombea aliruhusiwa kuwafanyia wapigakura kwa nia njema, na kwa mlango huo kanga, chumvi na sukari vilipita wazi hadi Mahakama Kuu ilipoamua mwaka 2006 kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba. Mwaka 2010 ikafuata Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kukana kwamba vitambaa vimetumika kununua kura za wanawake maskini, na jambo hilo ni dhuluma, kwa kuwa linamlipa mtu nguo ya miezi sita kwa miaka mitano ya maamuzi. Lakini hitimisho la kwamba vitambaa hivyo visihifadhiwe linapingana na dai lenyewe. Kilichotumika kutenda kosa ni kielelezo cha kosa, na anayekichoma moto anamsaidia aliyekitoa. Isitoshe, ni kwa kuziweka kanga za vipindi mbalimbali pamoja tu ndipo mtafiti ataweza kuonyesha lini sare iliyonunuliwa na mwanamke mwenyewe ilianza kugeuka kuwa nguo anayogawiwa, na badiliko hilo, kutoka kununua hadi kupewa, huenda likawa sura muhimu kuliko zote katika historia ya siasa ya mwanamke wa Tanzania. Tena ni dharau kudhani kwamba kila aliyevaa kanga ya mgombea alimpigia kura mgombea huyo. Kura ni ya siri, kanga ni nguo, na mama anayembebea mtoto katika kitambaa cha chama hiki akaenda kukichagua kile ametumia akili yake kama raia mwingine yeyote.

Kuna tena woga, ambao husemwa kwa sauti ya chini, kwamba anayeweka beji au bendera ya chama kingine nyumbani atahesabiwa kuwa msaliti wa chake. Singida, ambayo ina ngome za kale za CCM na ambayo pia jimbo lake la Singida Mashariki lilimchagua Tundu Lissu wa Chadema mwaka 2010, haiwezi kusimuliwa kwa rangi moja. Kijani na njano ya CCM bila gwanda la kaki la Chadema, au gwanda bila kijani na njano, ni nusu ya habari, na mkusanyaji anayechagua upande anakuwa mpiga kampeni aliyechelewa.

Jambo lenye kusikitisha ni wepesi ambao vitu hivi hupotea nao. Kanga ya kampeni huanza kama nguo ya mkutano, ikachuja ikawa ya jikoni, ikachanika ikawa mbeleko, kisha ikaishia kuwa tambara la kufutia au ngata ya kubebea ndoo, na mgombea aliyechapwa katikati yake huisha kidogo kidogo kuanzia usoni, kwa sababu hapo ndipo mikunjo inapokutana. Beji hufa kwa namna nyingine: unyevu huingia kwa nyuma, pale pini inapogusana na bati, kutu ikatambaa chini ya karatasi na kuacha madoa ya kahawia ambayo hakuna sabuni iwezayo kuyatoa, na mwenye nayo akiisugua kwa kutaka kuing'arisha huondoa hata kilichosalia. Haihitajiki mashine wala mfadhili kuzuia hasara hiyo. Kitambaa kilichofuliwa kwa maji matupu, kikaanikwa kivulini, kikakunjwa upya mara moja kwa mwaka ili mikunjo isikae mahali pamoja, kikawekwa mbali na sakafu ambako mchwa hufika, kitamzidi umri mwenye nacho. Na beji iliyofungwa katika karatasi kavu bila kusuguliwa itafanya vivyo hivyo. Hali ya hewa kavu ya Singida, ambayo mkulima huilalamikia karibu kila mwaka, kwa mhifadhi ni msaada ambao watu wa pwani hawana.

Lakini kitu kisicho na maelezo ni nusu bubu. Kanga mbili zilizotoka kiwanda kimoja siku moja, moja ikiwa ilinunuliwa na kikundi cha akina mama kwa michango yao na nyingine ikiwa iligawiwa usiku kutoka kwenye gari, ni sawa kabisa kwa macho na ni tofauti kabisa kwa historia, na tofauti hiyo anaijua aliyeivaa peke yake. Wanawake waliokuwa na miaka 21 katika uchaguzi wa mwaka 1962 sasa wamepita miaka 80. Kwa hiyo walimu wa historia wa shule za sekondari za Kiomboi, Ikungi, Manyoni na Mkalama wawatume wanafunzi kwa bibi zao wakiwa na kalamu, na kila kaya yenye kanga, kadi, kofia au beji ya uchaguzi wowote, wa chama chochote, iandike kwenye kikaratasi jina la aliyeivaa, kijiji, mwaka, na kama aliinunua au alipewa, kisha kikaratasi hicho kikunjwe ndani ya kitambaa chenyewe na kurudishwa sandukuni.